Mji Usiojua Jina Lake

Jotham Nyakundi alikuwa ameshaamua kwamba hatazeekea Kenya wala Minnesota. Minnesota aliikataa kwa sababu ya baridi, na hilo kila mtu alilielewa. Kenya aliikataa kwa sababu ambayo mkewe Jedidah aliijua, na ambayo watu wengine hawakuthubutu kuiuliza.

Waliishi Woodbury, katika nyumba waliyoinunua wakati Shekinah, binti yao wa pekee, alipokuwa angali msichana wa shule ya msingi. Jotham alianzia kazi ghalani Shakopee, akipakia maboksi, kisha akawa dereva wa gari la kupeleka wagonjwa kliniki na kuwarudisha makwao. Jedidah alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Inver Grove Heights. Ghalani ndiko Jotham alikojifunza Kihispania, kwa wenzake wa Meksiko, kwanza matusi, halafu salamu, halafu mazungumzo mazima. Alikuwa na sikio la lugha. Jedidah, aliyeanza kujifunza kwa simu akiwa na miaka hamsini na kitu, hakumfikia kamwe.

Wazo la kustaafia nchi ya Kihispania lilianza kama mzaha, asubuhi moja ya Januari ambapo gari lilikataa kuwaka na kope za Jotham zikashikana kwa barafu. Mzaha ukakua. Jumamosi jioni wakawa wanakaa mbele ya televisheni wakitazama video za Wamarekani wastaafu wanaotembeza kamera sokoni, wakionyesha bei ya nyanya. Mérida, huko Meksiko, Jotham aliikataa mara moja, akisema joto lake ni la kukaanga mtu. Málaga, huko Hispania, ilimpendeza Jedidah kwa ajili ya bahari, lakini mumewe alisema hataki kumalizia uzee wake katikati ya watalii walioungua jua. Juu ya Medellín, kule Kolombia, walibishana majira yote ya baridi. Kisha siku moja wakaiona Cuenca, kule Ekuador, mji wa milimani wenye mapaa ya vigae vyekundu na mito inayopita katikati yake, na Jotham akasogeza kiti karibu na skrini.

Mvua ilikuwa ikinyesha katika video hiyo. Mpiga picha alilalamika kwamba mara nyingi mvua hushuka alasiri, na jioni baridi huingia hadi mtu atafute sweta.

"Hapa," Jotham akasema.

Jedidah alikulia Nyamira, na alijua vizuri ni mahali gani pengine penye mvua ya alasiri na jioni za sweta. Mumewe alizaliwa kando ya Kericho. Baba yake, Mkisii, alikwenda huko kuchuma majani ya chai, akajinyima miaka mingi hadi akanunua kipande cha ardhi katikati ya majirani Wakipsigis, akajenga, akafuga. Januari ya mwaka 2008, baada ya uchaguzi kuharibika, nyumba ile ilichomwa. Jotham alikuwa tayari yuko Minnesota, na karatasi zake za uhamiaji hazikuwa zimekamilika, kwa hiyo aliyasikia yote kwenye simu. Wazazi walikimbilia Kisii wakiwa na nguo walizovaa. Baba yake alikufa kabla ya mwaka kwisha, nyumbani kwa watu, na Jotham hakuweza kwenda kumzika.

Tangu hapo hakukanyaga Kenya. Watu wa kanisani walipomwuliza anajenga lini nyumbani, aliwajibu, "Nyumbani palichomwa," na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa mkewe tu ndiko alikosema zaidi. Alimwambia kwamba akilitaja jina lake Kericho, mtu anajua mara moja ni wa kabila gani na anaanza kupiga hesabu. Akilitaja Kisii, anaulizwa ukoo, kisha anaulizwa mbona hana boma. Cuenca, alisema, hawataweza hata kulitamka, na hilo ndilo alilolitaka.

Februari iliyofuata walikwenda kuiona. Walipanga chumba cha chini kwa mjane mmoja aliyeitwa doña Piedad, na kwa majuma mawili Jedidah aliishi na Jotham wa ujana, ambaye yeye alikuwa ameshamsahau. Jotham alipatana bei sokoni, akacheka na madereva wa teksi, akalala usingizi mzito. Siku moja walipanda kilima nje ya mji wakakutana na bibi akiswaga ng'ombe wawili na ndama. Jotham akasogea pembeni ya njia, akamsemesha ndama kwa sauti ya chini huku akipiga ulimi. Jedidah alimwuliza Kihispania hicho amekijifunza wapi. Jotham alitabasamu tu, akasema ni maneno ya ng'ombe. Kabla ya kuondoka walikubaliana na doña Piedad kwamba chumba ni chao, na wangehamia moja kwa moja baada ya mwaka mmoja, Jedidah atakapostaafu.

Ugonjwa ulianza Oktoba, au Oktoba ndipo walipouona. Jotham alimpeleka bibi mmoja kliniki Saint Paul akasahau kurudi kumchukua. Bibi alikaa kwenye kiti cha mapokezi hadi wafagiaji walipoingia. Msimamizi alimsamehe, kwa kuwa hakuwa amewahi kukosea. Majuma machache baadaye Jotham alikuwa anarudi nyumbani kwa barabara aliyoipita miaka yote, akaipita njia ya kutokea Woodbury, akaendelea kuelekea mashariki, akavuka daraja, akakutwa Wisconsin kwenye kituo cha mafuta. Polisi aliyempigia Jedidah simu alisema mumewe ni mtu mpole sana, ila hawakuelewa alichokuwa akiwauliza. Jedidah alidhani ni kwa ajili ya lafudhi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye subira. Baada ya vipimo vyote alimwuliza Jotham anazungumza lugha gani. Jotham akataja Kiingereza, Kiswahili, Kikisii na Kihispania, na hicho cha mwisho alikitaja kwa fahari kidogo. Alipoulizwa ipi ni ya utotoni, akasema Kikisii. Daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba umeshaanza safari yake, na kwamba kama kuna mambo waliyopanga kuyafanya, wasiyaahirishe sana.

Jedidah hakuhitaji kuelezwa. Kazini alikuwa amemtunza bibi mmoja aliyeletwa Marekani kutoka Norway akiwa mtoto, ambaye Kiingereza alichokisema maisha yake yote kilimtoka kidogo kidogo hadi kikabaki Kinorwe peke yake. Watoto wake hawakukijua. Walikuja kumtazama wakaketi naye bila neno, wakamshika mkono, wakaondoka. Jedidah alijua kwamba lugha hutoka kwa mpangilio: iliyoingia mwisho hutangulia kutoka. Kihispania cha ghalani kingekuwa cha kwanza.

Walipokuwa wamekaa garini nje ya kliniki, alianza kusema kwamba labda wafikirie upya. Jotham alimkatiza.

"Sasa ndiyo twende, Mama Shekinah. Twende kabla sijasahau ni kwa nini."

Jedidah akawasha gari, lakini hakuliondoa.

"Na niahidi jambo moja," Jotham akasema. "Hata nikianza kuropoka, hata nikilia nikiomba, usinirudishe Kericho. Huyo atakayekuwa analia si mimi."

Alimtazama usoni alipoyasema hayo, macho yakiwa makavu na akili zake zote zimo ndani. Jedidah akaahidi.

Shekinah, aliyekuwa akipiga picha za eksirei katika hospitali moja mjini, alikuja Jumapili ile ile. Mama yake alimweleza kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza, kama walivyozoea. Alisema ni wazimu kumchukua mtu anayepotewa na maneno na kumpeleka nchi ambayo maneno yake ndiyo aliyoyapata mwisho. Akauliza nani atamtunza huko mama mwenyewe akiugua. Jedidah alijua kwamba binti yake ana haki, na hilo ndilo lililomkasirisha. Alimjibu kwamba ndoto hii ni ya baba yake, si yake Shekinah, na kwamba mtu hafi kwa sababu daktari amemwandikia ugonjwa. Hawakusemezana kwa muda.

Wakaitangaza nyumba. Wakapatikana wanunuzi, vijana wawili waliokuwa wakitarajia mtoto, na ikaonekana kwamba Mei wangekabidhiana funguo. Jotham alianza kugawa vitu: koleo la theluji, makoti, viti vya bustani. Siku nyingine alivigawa mara mbili kwa watu tofauti, na Jedidah akalazimika kupiga simu kuomba radhi.

Mnamo Februari ndipo maneno yale mengine yalipoanza.

Asubuhi moja Jotham alikuwa amesimama dirishani akitazama uwanja uliofunikwa theluji, akawa anazungumza. Jedidah alisikiliza kutoka jikoni akidhani anafanya mazoezi ya Kihispania. Alipokaribia akaona si Kihispania. Wala hakikuwa Kikisii, kwa maana hicho ni chake pia. Ilikuwa lugha yenye mapigo mengine, na mumewe aliisema haraka, bila kutafuta neno, kwa sauti iliyokaribia ya kitoto. Alipomgusa bega aligeuka, akamwita kwa jina lake, akaomba chai.

Iliendelea siku iliyofuata, na iliyofuata. Mara nyingine alimwambia Jedidah jambo kwa lugha hiyo na kungoja jibu, na asipolipata uso wake ukajaa hofu, kama mtu aliyebisha hodi kwake mwenyewe akafunguliwa na mgeni. Jedidah alianza kumjibu ndiyo, ndiyo, bila kujua anakubali nini. Siku moja ndiyo yake ilimkera mumewe hata akatupa kikombe ukutani, kisha akakaa chini akilia kwa sababu hakujua kimevunjwa na nani.

Jedidah akamrekodi kwa simu. Kazini kulikuwa na muuguzi mwenzake, Lois Chebet, mwanamke mnyamavu wa umri wake, Mkipsigis wa Bomet. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, wakala pamoja wakati wa mapumziko, wakasindikizana misibani. Juu ya mwaka 2008 hawakuwahi kusema hata neno moja. Kila mmoja alijua mwenzake anatoka wapi, na wote wawili waliliacha jambo hilo lilale.

Chumbani mwa mapumziko Jedidah alimwekea ile sauti masikioni. Lois alisikiliza, akakiweka kijiko chake mezani.

"Hiki ni Kikipsigis," akasema. "Na si cha kujifunzia ukubwani, dada. Anasema kama watu wa zamani, kama babu yangu. Ni nani huyu?"

"Ni Baba Shekinah."

Jedidah alikuwa akijaribu kuelewa kwamba ameishi miaka thelathini na mwanamume aliyemwambia kwamba Kikipsigis anajua salamu tu. Mwishowe akauliza anasema nini.

"Anamwambia mtu anayeitwa Kiprono asifunge lango, ndama mmoja bado yuko nje."

Hapo ndipo Jedidah alipoyakumbuka maneno ya ng'ombe kule kilimani.

Alipofika nyumbani alimpigia wifi yake, Kemunto, dada mkubwa wa Jotham, aliyekuwa akiishi Kisii. Alimwuliza Kiprono ni nani. Kemunto hakutaka kusema. Alizungumzia mahindi, akazungumzia miguu yake, na Jedidah akamwacha azungumze hadi akaishiwa. Kisha Kemunto akasimulia.

Kiprono alikuwa mtoto wa jirani. Yeye na Jotham walilelewa kama pacha, wakichunga pamoja, wakila katika nyumba zote mbili, hata mama yake Jotham akawa analalamika kwamba mwanawe anaota ndoto kwa Kikipsigis. Siku ile ya Januari, mchana, Kiprono alikuja mbio akamwambia mzee, baba yake Jotham, kwamba ikifika jioni hataweza kuwakinga tena, waondoke saa ile ile. Mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu. Kiprono alimpakia kwenye baiskeli, akamsukuma hadi kituo cha polisi, akipita katikati ya watu waliomtukana na kumtishia. Bila yeye wangeungulia ndani.

"Na baadaye?" Jedidah akauliza.

"Baadaye akalilima shamba," Kemunto akasema. "Anasema alikuwa anatutunzia. Hadi leo anatutunzia. Kila Krismasi hunipigia simu, na mimi sipokei."

Jotham aliyajua yote hayo, Kemunto akaongeza. Ndiyo maana hakuweza kurudi. Kama Kiprono angekuwa adui tu, angekwenda amkabili. Kama angekuwa rafiki tu, angekwenda amshukuru.

Jedidah aliketi jikoni na simu mkononi. Aliielewa sasa Cuenca kuliko alivyoielewa mbele ya televisheni. Mumewe alikuwa ametafuta Kericho nyingine, yenye mvua na ukungu na ndama kilimani, isiyokuwa na Kiprono ndani yake. Na sasa Kiprono alikuwa humu Woodbury, sebuleni, na ndiye mtu ambaye Jotham alimsemesha kila asubuhi.

Alimwomba Lois aje nyumbani. Lois akakataa. Alisema mzee alipokuwa na akili zake hakuitaka lugha hiyo mdomoni mwake, hata mkewe alimficha, na yeye akienda kumsemesha sasa atakuwa anamwibia.

"Na akitaja ule moto, nimjibu nini?" akauliza. "Mimi, mtu wa upande ule?"

"Akili zake za zamani siishi nazo tena," Jedidah akamwambia. "Naishi na hizi. Ananiuliza jambo na mimi sijui ni njaa au ni maumivu. Nimekuwa kama wale watoto wa bibi wa Norway."

Lois alikuja baada ya ibada Jumapili, akiwa na viatu vya theluji na chupa ya mursik, maziwa ya mgando ya Kikipsigis, aliyoyagandisha mwenyewe. Jotham alikuwa ameketi kwenye kochi, kichwa chini. Lois alisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama atapokewa.

"Chamgei," akamsalimu.

Jotham akainua kichwa. Akajibu, na uso wake ukafunguka namna ambayo Jedidah hakuiona hata Cuenca. Waliongea hadi jua likainama. Jotham alicheka, akapiga goti lake, akaonyesha kwa mikono ukubwa wa kitu fulani. Lois alianza kwa tahadhari, kisha naye akacheka. Jedidah alipika ugali na mboga, akaandaa, akaketi kando yao. Hakuelewa chochote. Alifurahi, na chini ya furaha hiyo alikuwa na wivu mchungu uliomwaibisha. Alikuwa mke wa mtu huyu, na mgeni ndiye aliyejua alichokuwa akikicheka.

Lois alipovaa koti, Jedidah alimwuliza kama moto ulitajwa. Lois akasema hapana. Kwa Jotham nyumba bado imesimama. Baba yake yuko hai na ni mkali. Kilichomsumbua ni kimoja tu: kwamba Kiprono haji siku hizi, na hajui amemkosea nini.

Juma hilo Jedidah alimpigia Shekinah, akamwambia kwamba Ekuador hawaendi, kwa kuwa huko hapana mtu atakayemwelewa baba yake. Shekinah hakushangilia. Alisema kwa Kiswahili chake kizito, "Pole, Mama." Wale vijana wanunuzi walikasirika, na walikuwa na haki. Ikawabidi watafute nyumba nyingine wakati mtoto wao yuko njiani.

Kwa doña Piedad alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amejiandaa, lakini sentensi zilivunjika. Alisema mume wangu mgonjwa, kichwa, hatuji, tusamehe. Yule mjane wa kule mbali alimngoja kila neno, akamsahihisha moja kwa upole, akasema anawaombea. Jedidah alikata simu akalia jikoni. Katika lugha yote aliyojifunza kwa ajili ya maisha yale mapya, hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote aliyowahi kuwa nayo.

Siku nyingine Jotham alirudi akawa Jotham, kwa saa moja au mbili, na akamwuliza kwa Kiswahili wanaondoka lini. Jedidah alimjibu kwamba wanangoja doña Piedad amalize kupaka rangi. Jotham alikubali, akamshukuru. Kisha mchana akawa tena dirishani akimngoja mtoto wa jirani.

Kumrudisha Kericho hakuweza, alikuwa ameahidi. Lakini hakuahidi chochote juu ya simu. Alizunguka na wazo hilo kwa siku nyingi. Alijiambia kwamba ni hila, kwamba anaivunja ahadi kwa kupitia dirishani. Alijiambia pia kwamba mtu anayelia si yeye, Jotham alisema hivyo mwenyewe, na huyu anayelia ni mgonjwa wake, na hakuna muuguzi anayemwacha mgonjwa akilia kwa kitu kinachoweza kupatikana. Hakuna jibu lililomtuliza. Mwishowe alimwomba Kemunto ile namba. Kemunto aliitoa, akasema asimwulize tena jambo la namna hiyo maishani.

Siku ya kupiga, Lois alikuwapo. Waliiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Huko ilikuwa jioni. Sauti ya mzee ikaitika, Lois akaeleza kwa kifupi ni nani anayepiga na kutoka wapi, na huko upande wa pili wakasikika jogoo na mtu anayekata kuni.

Kisha Kiprono akaanza kusema. Alisema mengi, na kadiri alivyosema sauti yake ilikatika. Lois alimnong'oneza Jedidah: anasema shamba lipo, mpaka haujasogezwa, hakulima kwa tamaa, aliogopa wengine wangeligawana, alitaka kurudisha akaona haya, miaka ikapita, haya ikawa kubwa kuliko shamba. Anaomba msamaha kwa ajili ya mzee aliyefia ugenini.

Jotham alisikiliza kichwa kikiwa upande. Alikuwa na furaha tele kuisikia sauti ile, lakini maneno yalimpita. Yalipoisha, akasema jambo fupi.

"Anauliza msamaha wa nini," Lois akanong'ona. "Anasema, hukunikosea kitu. Njoo tu kesho tuchunge."

Kiprono akalia waziwazi. Jotham akamtazama Lois, kisha Jedidah, akiwa haelewi rafiki yake analilia nini, akaanza kumbembeleza kwa ile lugha yao, polepole, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyeanguka.

Baadaye, Jotham aliposinzia kwenye kochi, mzee yule alikuwa bado yuko kwenye simu. Aliuliza kwa Kiswahili kama mke wa Jotham yupo. Jedidah akaichukua simu, akaiondoa kwenye sauti ya wazi, akaenda nayo hadi dirishani.

"Mama," Kiprono akasema, "nimemsikia. Lakini wewe ndiye unayemjua. Amenisamehe kweli?"

Jedidah alifikiria kumpa alichokitaka. Ingemgharimu neno moja, na mtu huyo alikuwa amemsukuma mama yake Jotham kwenye baiskeli katikati ya watu wenye mapanga. Alifikiria pia mwanamume aliyekaa naye garini nje ya kliniki, macho makavu, akichagua mji ambao hakuna mtu angemjua.

"Yule aliyekuwa na cha kukusamehe hayupo tena," akasema. "Huyu aliyebaki anakupenda. Zaidi ya hapo sijui, mzee, na siwezi kukudanganya."

Kiprono akashukuru, kwa sauti ndogo, akakata simu.

Jumapili iliyofuata Lois alikuwa kazini. Jedidah alikuwa peke yake na mumewe, akimkata kucha, simu yake ilipoita kwa namba ya Kenya. Aliitazama ikiita. Angeweza kuiacha, kama Kemunto. Kisha akaipokea, akamwekea Jotham sikioni, akaendelea na kucha za mkono mwingine, huku mumewe akiongea na kuongea, na yeye akiokota, kwa mara ya kwanza, neno moja alilolijua: chamgei.